Ngazi Iliyojipinda Kushoto

Mbishi alifungua bomba la maabara kwa kuligeuza upande wa kufungia, kama walivyofanya wote jengoni. Tangu profesa achapishe picha ya umbo la protini yake, bomba, skrubu na hata ngazi ya mzunguko ya ukumbini vilijipinda upande usio wake. Fundi aliitwa, akatazama, akasema vitazoeleka. Vikazoeleka.

Jina la Mbishi alipewa na profesa mwenyewe, kwa sababu kila jaribio la binti huyu lilikataa umbo lile. Kesho yake angetetea tasnifu, na ubishi huo ulikuwa unaelekea kumkosesha shahada ya udaktari.

"Mwanangu, tuliipiga miale ya eksirei protini yenyewe, ikiwa fuwele, punje ngumu kama chumvi," profesa alimwambia. "Fuwele haidanganyi. Mikono yako ndiyo mizito."

"Haidanganyi, Profesa. Ila aliyetutafsiria ni nani?"

Mtafsiri alikuwa programu ya kompyuta iliyogeuza namba za miale kuwa picha; ilitoka maabara nyingine, watafiti wakarithishana kama sufuria ya ukoo bila mtu kuchungulia ndani. Mbishi alichungulia. Iliandikwa kwa ajili ya mashine ya aina nyingine, hivyo ilibadilisha nafasi za safu mbili za namba, na protini ikatoka kama sura kwenye kioo: cha kulia kimekwenda kushoto. Picha ilikuwa nzuri mno, nani angeuliza?

Alizirudisha safu mahali pake, akabonyeza. Mnyororo wa protini ukajisokota upya kwenye skrini, kuelekea kulia, na majaribio yake yote yakakubaliana nao. Mbishi alipiga vigelegele peke yake, kwa furaha tupu. Ukumbini, ngazi ilijinyoosha ikajisokota upande wa pili, huku katibu muhtasi akiipanda na sinia la chai. Hakumwaga hata tone.

Kesho yake watahini walisimama kumpigia makofi. Mama yake, mstari wa mbele, alilia bila kujificha. Profesa naye alimpa mkono, akasema picha yake haitaondolewa, kwani imeshapata tuzo na imo vitabuni.

Mbishi alipopita ofisini kwake kumuaga, alinawa mikono. Bomba la humo aliligeuza upande wa kufungulia, na maji yakabubujika.

"Limeharibika hilo, Daktari," profesa alisema, akampigia simu fundi.