Dawati la Kawaida

Fundi seremala wa shule ile alikuwa mwanamke, na wanafunzi walimwita Mama Randa kwa sababu randa yake ya chuma haikumtoka mkononi, hata akienda kunywa chai. Alikuwa na miaka kumi na tisa katika karakana iliyokuwa nyuma ya maktaba. Mlango, rafu, dawati, ubao wa matangazo, vyote vilikuwa vimepita mikononi mwake. Ukimsifia hakujifanya mnyenyekevu. Alikujibu, "Najua," kisha akaendelea kupiga randa.

Jumatatu moja mwalimu mkuu alimwita ofisini. Mwalimu mkuu huyu alikuwa mtu mfupi, nadhifu, mwenye moyo mzuri, ila maneno yake yalizoea kukimbia mbele ya vitendo.

"Mama Randa, wiki ijayo ni Wiki ya Usawa hapa shuleni," alisema. "Ijumaa yake tutapata wageni kutoka ofisi ya elimu. Sasa, kidato cha pili tumempokea msichana anayetumia kiti cha magurudumu. Nataka dawati lake."

"Atalipata."

"Halafu kuna yule kijana mrefu wanayemwita Mlingoti, na yule msichana wa mkono wa kushoto. Nao pia. Madawati matatu, uyapake buluu, uyapange nyuma karibu na mlango. Pale juu tutabandika maandishi: Kona ya Usawa."

"Mbao?"

"Zimeshafika. Za madawati matatu kamili."

Mama Randa akachukua futi yake, akachomeka penseli sikioni, akaenda darasani wakati wa mapumziko. Msichana mwenyewe alikuwa dirishani, amepakata kibao alichoandikia, kwa sababu kiti chake hakikuweza kuingia chini ya dawati lolote. Alikuwa na wiki tatu tu pale, lakini tayari wenzake walikuwa wamempa jina la Wakili. Siku yake ya pili alibishana na mwalimu wa hisabati juu ya maksi moja mpaka mwalimu akairudisha, tena akaomba radhi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukupima, nikutengenezee dawati."

"La rangi gani?"

Mama Randa akamtazama. Watu humwuliza dawati litakuwa tayari lini, si rangi. "Buluu," alisema.

"Na ya wenzangu?"

"Ya mbao tu, kama unavyoyaona."

"Litakaa wapi?"

"Kule nyuma, karibu na mlango."

Wakili akageuza kiti chake wakawa uso kwa uso. "Mama, usinielewe vibaya. Shule niliyotoka walinitengenezea dawati zuri sana. Lilikaa peke yake pembeni. Akija mgeni, anaonyeshwa dawati, halafu ndipo anaonyeshwa mimi. Mwaka mzima hakuna aliyegeuka kuniazima hata kifutio. Nani atatoka kwenye safu yake aje mpaka kule? Mimi nipe dawati baya, lakini liwe katikati ya watu."

"Mimi sitengenezi madawati mabaya."

"Basi tengeneza mazuri. Yote."

Maneno hayo yalimchoma kidogo Mama Randa, maana alijua yale yaliyokuwamo mle ndani ni ya mkono wake. Kengele ikalia, darasa likajaa. Akamwomba mwalimu wa hisabati ruhusa ya kusimama mlangoni amalizie kuandika vipimo. Na hapo, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, aliyatazama madawati yake yakiwa na watu.

Mlingoti alikaa upande upande, magoti yameingia njiani, kila apitaye anayaruka. Yule wa mkono wa kushoto alijipinda kama anakamua nguo. Lakini habari za hao alikwisha kuambiwa. Alichokuwa hajaambiwa ni kijana mdogo wa safu ya mbele ambaye miguu yake ilining'inia bila kugusa sakafu, akawa anaikunja chini yake, kisha anaitoa ikishikwa na ganzi. Kulikuwa na msichana mnene aliyekalia robo ya kiti kwa kuwa mbao ya mbele ilimbana tumbo. Wawili walikuwa wamekalia vitabu ili wafikie meza. Mmoja aliandika amesimama, na mwalimu hakumwambia kitu, ina maana ndivyo alivyozoea. Mama Randa alijaribu kutafuta mtu aliyekaa sawasawa. Alitafuta kwa muda.

Aliporudi karakana alikitoa kielelezo ukutani. Kilikuwa kipimo cha mbao alichorithi kwa fundi aliyemtangulia, chenye alama za kisu: hapa urefu wa kiti, hapa urefu wa meza, hapa upana. Kila dawati alilowahi kuunda lilitoka kwenye alama zile. Akaenda nacho hadi kwa mtunza stoo, mzee aliyekuwapo tangu shule ikijengwa.

"Mzee wangu, marehemu fundi alipokata kipimo hiki, alimpima mwanafunzi gani?"

Mtunza stoo akacheka mpaka akakohoa. "Mwanafunzi? Shule ilikuwa haijafunguliwa, wanafunzi angewatoa wapi? Alikalia kreti ya soda hapo nje, akajipima mwenyewe. Futi nilimshikia mimi."

"Yeye mwenyewe?"

"Mwenyewe. Na lile bega lake kama mlango!"

Mama Randa hakucheka. Alirudi karakana akakaa juu ya rundo la mbao. Kumbe miaka yote ile, watoto wa watu walikuwa wanakaa ndani ya mwili wa mzee wa miaka hamsini. Akaiangalia meza yake ya kazi. Siku ya kwanza alipokabidhiwa karakana ile, meza ilimfika kifuani, na kabla ya saa sita mchana alikwisha kuikata miguu vidole vinne. Hakuomba ruhusa wala hakuiita meza maalumu. Aliiona ndefu, akaikata. Basi imekuwaje asifikirie kuwa na wengine wana miguu? Nyani haoni kundule, alijiambia, na aibu ikampanda usoni japo alikuwa peke yake.

Lakini Mama Randa hakuwa mtu wa kukaa na aibu. Alimfuata mwalimu wa hisabati chumba cha walimu.

"Mwalimu, nipe vipindi viwili kesho kutwa. Nataka kulipima darasa lako zima."

"Zima? Nimesikia ni watatu."

"Ndivyo na mimi nilivyosikia."

Mwalimu akafikiri, kisha macho yakamng'aa. Wiki ile ilikuwa ya takwimu, na mifano ya kitabuni ilimchosha hata yeye.

Siku ya Jumatano darasa likageuka soko. Wanafunzi walipimana wawili wawili: kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti, kutoka kitini hadi kiwiko, upana wa nyonga, mkono wa kuandikia. Kukawa na vicheko, kukawa na kubishana, na Mlingoti alitakiwa kupimwa mara tatu kwa sababu hakuna aliyeamini. Wakili ndiye aliyeandika, na hakumruhusu mtu kukadiria. "Sitaki 'kama arobaini hivi'," alikuwa akisema. "Futi haijui 'hivi'." Walipomaliza, mwalimu akachora kielelezo cha zamani ubaoni, na kila mmoja akajilinganisha nacho.

Darasa lilikuwa na wanafunzi arobaini na wawili. Waliolingana na dawati walikuwa tisa.

Kisha Wakili akainua daftari. "Yaani wa kawaida ni tisa. Wenye mahitaji maalumu ni sisi thelathini na watatu."

Darasa likaangua kicheko, lakini Mama Randa aliona wengi walivyojitazama miguu.

Alasiri ile aliingia kwa mwalimu mkuu na daftari mkononi. Alimweleza yote, na hakuuruka hata mstari wa makosa yake mwenyewe. Mwalimu mkuu alisikiliza huku akigonga kalamu mezani.

"Mama Randa, nakuheshimu sana," alisema hatimaye. "Lakini nilikuagiza madawati matatu. Wageni wameshaandikiwa barua kwamba wataona Kona ya Usawa. Wewe ni fundi, hayo ya ushauri tuachie sisi."

"Mwalimu, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nimewauliza wanaokilalia."

"Utayarekebisha madawati yote kwa mbao za matatu?"

"Mbao hizo, na yale mabovu yaliyorundikwa nyuma ya jiko. Mbao zake nyingi ni nzima, zimekatika misumari tu. Nitakata mengine, nitainua mengine. Yatakuwa ya vimo vitatu. Kiti nakitenganisha na meza, na ile mbao ya chini inayounga miguu ya mbele ya meza naihamishia nyuma, ili goti lipite na kiti cha magurudumu kipite. Kila dawati. Mtoto akae anapotaka."

"Kwa siku nane?"

"Kwa siku nane."

Mwalimu mkuu akatikisa kichwa. "Na wale watatu wasiopata kitu chao wataona tumewasahau."

Mama Randa akainama kidogo, akachungulia chini ya meza ya mkuu. "Mwalimu, kile kibao ulichoniagiza mwaka juzi nikuwekee chini ya miguu, bado kinakufaa?"

Viatu vya mwalimu mkuu vilikuwa juu ya kibao, vimetulia.

"Kinanifaa," alisema polepole.

"Sikukipaka buluu. Na sikuandika kitu ukutani."

Kicheko kikamtoka mwalimu mkuu, kwanza puani, kisha kwa mwili mzima. Akafuta macho kwa leso. "Nenda," alisema. "Nenda kafanye kabla sijapata akili nyingine."

Siku nane zile Mama Randa alilala akiota misumari. Asubuhi alikata, mchana aliunga, na saa za michezo wanafunzi wa kidato cha pili walikuja kupiga msasa, wengine kwa hiari, wengine kwa kufuatwa na Wakili. Mambo hayakwenda yote sawa. Madawati mawili ya kwanza yaliyumba kama walevi, ikabidi ayafungue upya. Msichana wa mkono wa kushoto alipewa dawati pana, akalikalia dakika moja, akasema, "Kumbe mgongo hauumi," kisha akaona aibu kwa kulisema kwa sauti.

Ijumaa wageni walifika wakiwa na kalamu tayari. Kiongozi wao, mama mmoja mwenye miwani, alizunguka darasa mara mbili.

"Mwalimu mkuu, kwenye barua mliandika kuna kona. Iko wapi?"

Mwalimu mkuu akakohoa. Hotuba yake yenye kurasa nne ilikuwa mfukoni, yote inahusu kona. Akaiacha humo.

"Hatuna kona," alisema. "Tulipima, tukakuta darasa zima ni kona. Tumetengeneza darasa."

Mgeni akamtafuta msichana wa kiti cha magurudumu na macho yakapita juu yake bila kumwona, maana alikuwa safu ya pili, kati ya Mlingoti na mwenzake mmoja, wameinamia daftari moja. Mgeni aliandika kitu, kisha akaomba kuonyeshwa yale madawati kwa chini. Mama Randa akapiga magoti naye sakafuni, wakaongea habari za viungo na misumari hadi wenyeji wakachoka kusubiri.

"Kazi nzuri," mgeni alisema akijifuta vumbi.

"Najua," alijibu Mama Randa. "Lakini nilipaswa kuifanya mapema zaidi."

Wiki mbili baadaye alikuwa akipita barazani na mzigo wa mbao za kidato cha tatu, ambao nao walikuwa wamekwisha kuja kulalamika, akamkuta Wakili nje ya mlango wa darasa lake pamoja na Mlingoti. Wote wawili wametazama ukuta.

"Shikamoo, mama," walisema kwa pamoja, kwa sauti ya chini.

"Marahaba. Mmetolewa?"

"Kelele," alisema Mlingoti.

"Nani alianza?"

Wakili akainua kidevu. "Suala hilo bado linabishaniwa."

Mlango ukafunguka, mwalimu wa hisabati akatoa kichwa na kusema kwa ukali kwamba wakiongea tena watakaa huko hadi kengele. Mlango ukafungwa. Wawili wale wakakutana macho, wakabanwa na kicheko, wakaziba midomo kwa viganja, na kiti cha magurudumu kikatetemeka chote.

Mama Randa akaweka uso wa mtu mzima, akawaambia watulie, akabeba mbao zake akaenda zake kidato cha tatu kupima.