Mizinga Mitatu ya Kienyeji

Athanasi hakumpenda Mwalimu Ramson tangu siku ya kwanza, na asije mtu akadanganywa kwamba chuki ile ililetwa na mizinga. Mizinga iliikuta chuki imeshakaa kitako. Kilichoileta ni jinsi mwalimu yule alivyoingia kwenye mazoezi ya bendi pale Ruhuwiko, katoka Tukuyu kuja kufundisha fizikia, hana hata mwezi Songea, akasikiliza wimbo mmoja tu, kisha akauliza mbele ya watu wote kama yale mapigo ya mwisho hayawezi kuongezewa nguvu.

Mapigo ya mwisho yalikuwa ya Athanasi. Bendi ilikuwa na matarumbeta manane, kwaya ya watu thelathini, na ngoma moja kubwa ya besi ambayo haikuwa na mpigaji mwingine. Wimbo wao mkuu, ule wa kuisifu nchi alioutunga Hilda, kiongozi wao, uliishia kwa kunong'ona. Waimbaji walishusha sauti kidogo kidogo, wakawataja mababu waliolala katika ardhi hii, kisha kimya cha kuhesabu nne, halafu dum, dum, dum. Hilda hakuyaandika mapigo hayo. Athanasi ndiye aliyeyatia, miaka ishirini na miwili nyuma, siku aliyochoka kuona wimbo unakwisha na watu hawajui kama wapige makofi au wasubiri. Tangu siku hiyo watu walimwita Mzee wa Matatu. Shamba la mahindi na kibanda cha kushona viatu vilimlisha, lakini jina alilipata kwa mapigo yale, na mtu ukimgusa jina lake umemgusa pabaya.

Ramson aligusa hapo hapo. Alikuwa na simu, na ndani ya simu alikuwa na video ya bendi kubwa ya Ulaya, watu mia wamevaa makoti, na wimbo ulipofika mwisho mizinga ikanguruma nje ya ukumbi mpaka wasikilizaji wakafuta machozi. Alimwonyesha Hilda. Akasema kwamba kuchomelea vyuma ndiyo starehe yake ya Jumamosi, wengine wanakwenda mpirani, na kwamba mizinga kama hiyo angeweza kuitengeneza mwenyewe kwa mabomba ya chuma, gesi kidogo na cheche. Haina risasi, alisema, haitoi chochote ila sauti. Hilda, mwanamke ambaye kwa mambo mengine alikuwa na akili zake timamu, alikubali ndani ya wiki. Na alipokwenda kumwambia Athanasi alimwambia kwa upole, kwamba mwaka huu kwenye sherehe za Uhuru apumzike kidogo, mikono yake imefanya kazi ya kutosha. Upole ule ulimkera Athanasi kuliko tusi. Angetukanwa angejua la kujibu.

Mzinga wa kwanza ulijaribiwa Lizaboni, nyuma ya karakana ya Valence mchomeleaji. Bendi nzima ilialikwa. Watu walijipanga mbali, kando ya ukuta, lakini Athanasi akaenda kusimama karibu na rundo la matofali, hatua chache tu kutoka kwenye bomba, mikono nyuma, ili yule kijana wa Tukuyu aone kwamba hapa hakuna aliyetishika. Ramson anasema alihesabu mpaka tatu kwa sauti. Athanasi anaapa alisikia moja. Bomba lilinguruma, kuku wa mtaa mzima wakaruka, vumbi likapanda, kisha watu wakapiga makofi na kucheka. Athanasi naye alipiga makofi. Lakini katika sikio lake la kushoto kulikuwa na filimbi nyembamba inayolia bila kuvuta pumzi, na ilipokwisha, siku ya pili, haikuacha sauti yoyote nyuma yake.

Siku ya tatu alikwenda hospitali peke yake. Daktari alimulika humo ndani, akamwambia ngoma ya sikio imetoboka, huenda ikaziba na huenda isizibe, maji yasiingie. Athanasi alikaa pale kwenye benchi akilifikiria neno hilo. Ngoma imetoboka. Amelala na ngoma, ameamka na ngoma, na iliyotoboka ni hii asiyoweza kuiwamba upya.

Alimwambia mkewe Lidwina peke yake. Lidwina alimtaka aende kwa Hilda siku ile ile akaseme, aibu wabebe waliomuumiza. Athanasi alikataa katakata. Mpiga ngoma wa sikio moja, alisema, watu hawamwonei huruma. Wanamuaga kwa keki na picha ya pamoja, halafu kesho hawamwiti. Naye alikuwa na nia moja tu, kurudi kwenye ngoma yake, na kumng'oa mwalimu yule na mabomba yake kwa njia yoyote itakayopatikana.

Ramson, kwa adabu za kwao, alimwamkia shikamoo kila walipokutana. Mara mbili za kwanza Athanasi hakusikia, alisalimiwa upande mbovu. Kuanzia ya tatu alisikia vizuri na hakuitikia marahaba. Mtu mzima kuacha shikamoo ya mtu ikining'inia hewani si jambo dogo, na bendi nzima iliona.

Njia aliyoitafuta ililetwa na mwalimu mwenyewe. Milipuko uwanjani ilihitaji kibali, na Ramson akakaa chini kuandika barua. Alihofia neno mizinga litawatisha wakubwa, wakadhani kuna vita, basi akalilainisha. Aliandika kwamba anaomba kuweka uwanjani "mizinga mitatu ya kienyeji, niliyoitengeneza mwenyewe". Msomi, lakini hakujiuliza anamwandikia nani na wapi. Huku kwetu, ambako ukishika barabara ya Namtumbo utaiona mizinga ya kienyeji imetundikwa juu ya miti pande zote, na hakuna hata mmoja unaolipuka, karani gani angefikiria bomba la gesi? Karani aliipeleka barua kwa wataalamu wa nyuki. Wataalamu wa nyuki, watu wachapa kazi, wakajibu.

Kibanda cha Athanasi kilikuwa karibu na ofisi, kwa hiyo Hilda alimtuma yeye kulichukua jibu. Bahasha haikubandikwa vizuri. Athanasi aliifungua akiwa amekaa katikati ya viatu vya watu, na kwa kuwa marehemu baba yake alikuwa mrina asali, mstari wa kwanza tu ulimtosha. Mwombaji anaruhusiwa kuweka mizinga mitatu ya kienyeji. Iwe mbali na watoto na mifugo. Mwenyewe avae nguo za kujikinga. Isifunguliwe jua likiwa kali. Mwisho wa msimu atoe taarifa ya mavuno.

Alicheka mpaka mteja mmoja akamuuliza kulikoni. Kisha akachukua gundi ya kubandikia soli, akaifunga bahasha vizuri kuliko ilivyotoka ofisini, akaipeleka. Hilda aliichana, akaona muhuri, akaona neno anaruhusiwa, akaitia kwenye faili na kumpigia Ramson simu kumpa hongera.

Kulikuwa na wiki tatu za kusema. Athanasi alihudhuria kila zoezi, akakaa nyuma na kumtazama mwalimu akiyapaka mabomba yake rangi za bendera, kijani, njano, nyeusi na bluu, kwa brashi ndogo, ulimi nje kwa umakini. Kama kuna sehemu ya moyo wake iliyosema mwambie, aliinyamazisha. Tuseme ukweli, alifurahia. Hakuwa amekula chakula kitamu namna ile tangu siku ya matofali.

Siku ya Uhuru uwanja ulijaa mapema. Mabomba matatu yalikuwa yamesimama ng'ambo, yanang'aa, na Ramson pembeni yake kavaa suti. Askari mmoja mwenye nyota begani alikuja kwenye jukwaa akaomba kibali, na Hilda akamkabidhi faili kwa tabasamu. Askari alisoma. Akarudia. Akamwita mwenzake wakasoma pamoja, kisha wakamwita Ramson. Kipaza sauti kilikuwa kimewashwa, kwa sababu mshereheshaji alikuwa akikijaribu, na uwanja mzima ulimsikia askari akiuliza, bila hasira yoyote:

"Mwalimu, nyuki wako wako wapi?"

Kicheko kilianzia mbele kikaenda mpaka kwenye uzio. Ramson alijieleza, na kadiri alivyojieleza ndivyo watu walivyozidi kucheka, hasa askari alipomsomea ile sehemu ya mavuno. Waimbaji wa sauti nzito walianza kuvuma midomo ikiwa imefungwa, vuuu, vuuu, watu wale wale waliompigia makofi kule Lizaboni. Mabomba yakapakiwa kwenye gari la polisi na kufunikwa turubai. Ramson alibaki amesimama kwenye nyasi zilizolala, jasho linamtoka shingoni, na alipogeuka alikutana na uso wa Athanasi. Athanasi hakuwahi kuuficha. Alikuwa akitabasamu kwa meno yote.

Mwalimu alikuja moja kwa moja mpaka mbele yake. Siku hiyo hakutoa shikamoo.

"Barua uliileta wewe."

"Niliileta," Athanasi alijibu. "Sikutumwa kuisoma."

Hilda aliwakatiza. Mgeni rasmi alikuwa anatazama saa, hakukuwa na muda wa ugomvi. Alimwambia Athanasi achukue ngoma, na aliposema hivyo sauti yake ilikuwa ya kuomba, si ya kuamuru. Athanasi alivua koti taratibu. Alijua watu wanamtazama, alitaka watazame.

Nafasi yake ya miaka yote, nyuma ya kwaya katikati, ilikuwa imeshachukuliwa na spika. Wakaisogeza ngoma pembeni, mkono wa kulia wa waimbaji, ili aelekee uwanjani. Ndiyo kusema sikio lake zima lilielekea umati, ambao bado ulikuwa unachekea nyuki, na sikio la kushoto lilielekea kwaya. Athanasi aliliona hilo. Akajiambia wimbo huu anaujua hata akiwa usingizini.

Ulianza vizuri. Matarumbeta aliyasikia, ubeti wa kwanza na wa pili akaupiga kama kawaida, na watu wakaanza kutulia, kicheko kikafa, hata wauza karanga wakasimama. Ukaja ubeti wa mwisho. Waimbaji walishuka, wakashuka tena. Kwa Athanasi, walishuka mpaka wakatoweka. Aliiona mikono ya Hilda ikienda chini, viganja vimelala, akauona uwanja umenyamaza wote, akajua kimya kile kimefika. Alihesabu nne kwa moyo uliojaa. Hakuna mtu aliyewahi kuhesabu kwa kuridhika namna ile. Kisha akainua kirungu akapiga, dum, dum, dum, kwa nguvu ambazo hakuwahi kuzitumia, ili hata Ramson kule ng'ambo, kando ya gari la polisi, asikie.

Alipogeuka kuwaangalia, midomo ya waimbaji ilikuwa bado inacheza.

Walikuwa katikati ya kuwataja mababu. Wengine walinyamaza kwa mshtuko, wengine wakaendelea kwa kujikaza, majina yakagongana. Kuna akina mama pale walikuwa wanawataja wazee wao hasa, wa ukoo wao, na mmoja alifunga mdomo akamtazama Athanasi kama mtu aliyekanyaga kaburi. Uwanja ulikuwa umeshazoea kucheka siku hiyo, ukacheka. Mtu fulani nyuma akavuma, vuuu. Lidwina, ambaye alikaa mstari wa tatu, alijifunika uso kwa kanga yake, na yeye peke yake ndiye aliyejua. Wimbo ukamalizikia hewani, hakuna aliyejua kama umemalizika.

Athanasi alibaki amesimama nyuma ya ngoma. Ramson alikuja tena kutoka kule ng'ambo, anatembea haraka, uso umekunjamana, na kila mtu alijua anakuja kulipiza. Alianza kusema akiwa bado upande wa kushoto. Athanasi hakugeuka. Mwalimu akasimama ghafla, akamtazama mzee yule, akaitazama kwaya ilipo, na umati ulipo. Kisha akazunguka taratibu mpaka upande wa kulia.

"Ni siku ile pale kwenye matofali," alisema.

Athanasi alikishika kirungu kwa mikono miwili.

"Ungesema."

"Ningesema, mapigo ya mwisho ungepiga wewe."

"Na sasa?"

"Ungehesabu mpaka tatu," Athanasi alisema. Hasira ilikuwa ile ile, lakini safari hii hakujua amwelekezee nani.

"Nilihesabu, mzee."

Ramson alisubiri kidogo, kama mtu ambaye bado ana tusi mfukoni na haoni tena mahali pa kulitumia, kisha akaondoka kulifuata gari la polisi. Watu walianza kuhama kwenda kwenye vinywaji. Athanasi alihisi kuna mtu amesimama kushoto kwake, akageuza kichwa. Ni Hilda. Alikuwa amenyoosha mkono, kiganja juu, anakiomba kirungu, na kwa jinsi waimbaji waliokuwa nyuma yake walivyoinamisha macho, Athanasi alielewa kwamba alikuwa amekiomba zaidi ya mara moja.