Alama ya Kijani Mlangoni

Siku za maji Fortunata alishuka ngazi kwa makalio. Alitanguliza ndoo, akajivuta, akaisukuma tena ndoo. Lori la maji halikupanda kilimani. Lilisimama chini barabarani, likapiga honi, na asiyefika alilala na kiu. Ukungu wa jiji la Lima ulilowesha nguo, kuta na mifupa, lakini haukujaza ndoo ya mtu. Kurudi juu alibebewa ndoo na Nélida, jirani yake, naye Nélida alikuwa anahamia kwa bintiye.

Ni Nélida huyo aliyemletea habari. "Watu wa chuo wanakuja. Wanachunguza wazee waliodhoofika, mtu asaidiwe vipi aendelee kukaa kwake bila kubebwa. Ndiyo kwanza wanaanza. Watakaowachagua watafungiwa vyuma vya kushikilia kwenye ngazi, na mtu wa kuwanyoosha viungo atakuja."

"Wanachagua nani?"

"Waliochoka. Kwa hiyo wakija, Mama Fortunata, kaa. Usijitie ujana."

"Ujana niutoe wapi? Nimechoka kweli."

"Nakujua wewe," alisema Nélida.

Asubuhi ya wageni Fortunata alichemsha viazi, kisha akatoa majani ya koka yaliyobaki mfukoni. Kule milimani alikozaliwa hakuna aliyeanza kazi bila kutafuna koka, iwe kulima au kuzika. Na mgeni ni kazi. Alitafuna yote mpaka shavu likafa ganzi na magoti yakanyamaza.

Mtafiti alikuwa msichana, Yadira, aliyefika akihema. Fortunata aliinuka, akampa kiti, akamwekea viazi.

"Kaa bibi, usihangaike."

"Mgeni hapokewi na mtu aliyekaa, binti yangu."

Yadira alikula kiazi kimoja, kisha akamkalisha yeye kwenye kiti kile. "Kunja mikono kifuani. Inuka, kaa, inuka tena, mpaka niseme basi."

Fortunata aliinuka, akakaa, akainuka. Mbele ya mgeni hakuwahi kulipua kazi tangu utoto wake. Alipopewa kifaa cha kuminya, alikiminya kama anayekama ng'ombe. Alipoambiwa atembee, alitembea.

"Na maji, unachota mwenyewe?"

"Nachota."

Hakuulizwa anashukaje. Yadira alitabasamu kwa furaha ya kweli. "Mama yangu mzazi hawezi haya."

"Sasa vyuma mtafunga lini?"

Msichana akatazama simu yake. "Vyuma ni vya walio hatarini, bibi. Wewe unajitegemea. Hiyo ni habari njema."

"Leo ni koka tu, mwanangu. Njoo kesho uone."

"Koka haimo kwenye maswali yetu."

"Basi iandike."

"Bibi, siwezi kubadili. Kipimo ni nilichokiona." Hakusema kwa dharau. Yeye pia alikuwa amechoka, na huko juu kilimani kulikuwa na nyumba nyingi bado. Alipotoka alibandika utepe wa kijani mlangoni. "Wenzangu wasije wakakusumbua bure," alisema, akashukuru kwa kiazi.

Fortunata alimsindikiza mpaka kizingitini kwa miguu yake mwenyewe. Jioni magoti yalipoamka, alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko maumivu. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Yeye mgeni alikuja, akamkuta mzima.

Nélida alihama. Siku ya maji iliyofuata Fortunata aliamka akajikokota mpaka kwenye kiti, na hapo akakwama. Ndoo ilikuwa miguuni pake. Mfukoni mlikuwa na vumbi la koka tu. Alililamba kidoleni, halikusaidia kitu.

Honi ililia chini. Mara akasikia chuma kikigonga ngazi, na pumzi za wanaume wawili wanaopanda na mzigo. Wakasimama mlangoni pake, wakatua.

"Hapa?" aliuliza mmoja.

Fortunata alishika pande za kiti. Wageni walikuwa mlangoni, na mikono yake ilikwisha kuanza kusukuma kabla hajafikiri lolote. Mwili haukunyanyuka. Akasukuma tena.

"Subirini," alisema, "nakuja kufungua." Sauti ilimtoka ndogo.

"Huyu kijani," alisema wa pili. "Anajitegemea. Tupande."

Vyuma vikanyanyuliwa, vikaendelea kugonga ngazi kuelekea juu. Chini lori lilipiga honi ya mwisho. Fortunata alikuwa bado anasukuma kiti.