Dungusi la Mwalimu

Katika miaka kumi na tisa ya ndoa yake, Mama Sponji hakuwahi kuombwa kitu na wifi yake. Kukosolewa alikosolewa, na shukrani za juujuu alipewa, lakini kuombwa hata kijiko, hapana. Ndiyo maana asubuhi ile ya Jumamosi alipomwona amesimama mlangoni mwa karakana, amefumbata mkoba wake kifuani, alitua nyundo chini akadhani kuna msiba.

"Shikamoo dada. Kwema?"

"Marahaba. Kwema. Mdogo wangu yupo?"

"Yupo ndani kalala chali. Mgongo umemshika tangu juzi. Daktari kamkataza kuinua hata sufuria."

Wifi mtu akakunja uso, akageuka kama anayeondoka, kisha akarudi. Alikuwa mwalimu wa hesabu aliyestaafu mwaka uliotangulia, na watu wote walimwita Mwalimu, hata huyo mdogo wake wa tumbo moja aliyekuwa ndani akiugulia mgongo. Alimtazama mke wa mdogo wake toka utosini hadi unyayoni, kama anayepima kama swali litamshinda.

"Wewe una nguvu?"

"Za kuinua kochi la watu watatu ninazo," alijibu Mama Sponji. Hakujisifu. Alikuwa fundi makochi, na jina hilo la Sponji alipewa na wateja kwa vile hakukosa chembe za sponji kichwani, hata siku za arusi.

"Basi vaa viatu vya kufunika vidole. Nataka kuhamisha dungusi."

Dungusi lenyewe lilikuwa nyuma ya tanuri la matofali lililokufa zamani, njia panda ya kwenda shuleni. Hakuna aliyelipanda. Liliota lenyewe kwenye kifusi, mmea wa miiba usio na jani hata moja, shina nene kama gogo la kukalia, na mikono iliyosimama wima kuelekea mbinguni. Sasa kiwanja kilikuwa kimeuzwa, ghala linajengwa, na tingatinga lilitarajiwa Jumatatu. Mwalimu alikuwa amekwenda kumwona msimamizi wa ujenzi, na msimamizi akamjibu, "Chukua mama, utakuwa umenipunguzia kazi," huku akimtazama kama mtu aliyeomba kubeba kisima.

Mama Sponji hakuuliza dungusi la nini. Aliogopa akiuliza, wifi atabadili nia, na nafasi kama ile haiji mara mbili. Alikusanya zulia kuukuu, vipande vya sponji, mikanda ile ya kusukia makalio ya makochi, glavu mbili za ngozi, sururu, sepetu na msumeno. Kisha akampigia dereva wake wa siku zote, mwenye pikapu, ambaye watu walimwita Polepole kwa mwendo wake.

Walipofika, Mama Sponji alishuka akalizunguka dungusi mara moja, akalizunguka mara ya pili. Lilimzidi kimo mara moja na nusu.

"Dada," alisema taratibu, "hili ni zito kama ng'ombe mwenye mimba."

"Nimelikadiria," alisema Mwalimu, akatoa karatasi mkobani. Alikuwa amepiga hesabu ya kimo, unene na uzito, na mwisho wa hesabu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: *Inawezekana.*

Wakachapa kazi. Polepole alichimba upande mmoja, Mama Sponji upande wa pili, na Mwalimu alisimama katikati akitoa maelekezo mpaka Mama Sponji alipompa sepetu. Mizizi haikuwa ya kina, ilitambaa chini ya kifusi kama kamba zilizomwagwa. Walipoifukua, Mama Sponji alilivika dungusi sponji kiunoni, akalizungushia zulia, akalifunga kwa mikanda, akakaza fundo kama anavyokaza viti vya sebuleni. Lilipendeza hata. Polepole alisema limekuwa kama bi harusi aliyenenepa.

"Tunalilaza kidogo kidogo," alisema Mama Sponji. "Moja, mbili..."

Hawakufika tatu. Dungusi liliinama vizuri hadi katikati, kisha likatoa mlio mmoja, *ka!*, kama mtu aliyeuma muwa. Shina lilikatika juu kidogo ya zulia. Sehemu ya juu ilianguka na vumbi lake, mikono miwili ikachomoka, mmoja ukabingirika hadi miguuni mwa Mwalimu.

Mama Sponji alimtazama wifi yake akingoja kulaumiwa. Alikwisha tayarisha hata jibu. Lakini Mwalimu alilikodolea macho shina lililokatika, akajikalia chini pale pale alipokuwa.

Na pale pale alipokuwa ndipo ulipolala ule mkono.

Ukelele alioutoa uliwafukuza ndege wote wa tanurini. Aliruka juu kama aliyekalia kaa la moto, mikono yote miwili nyuma. Polepole aligeuka upesi akakazia macho gurudumu la pikapu, mabega yakimtikisika.

"Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole," alisema Mwalimu kwa sauti nyembamba, machozi yakimtoka, na Mama Sponji hakujua ni machozi ya dungusi au ya miiba.

Mama Sponji akakata shauri. Alimpigia simu muuza miche ambaye yeye alimtengenezea viti mwaka jana, akamweleza mambo yalivyo.

"Limevunjika?" alisema muuza miche. "Mmepata bahati! Zima lile lisingeshika kwa urahisi, ila mikono itashika. Hebu niambie, palipovunjika panatoa maziwa au maji?"

"Maji."

"Vizuri. Ingekuwa maziwa ningekwambia ulinde macho. Kata kila mkono kwa msumeno safi, uuweke kivulini, uusimamishe, jeraha likauke majuma matatu. Ukiupanda mbichi utaoza. Na kabla hujakata, tia alama upande unaotazama jua la mchana, ili uupande vile vile. Ukigeuza, ngozi inaungua."

Mama Sponji alitoa mfukoni chaki yake ya kukatia vitambaa, akatia mstari kwenye kila mkono. Kisha akakata. Ulikatika laini kama tango. Walipomaliza walikuwa na mikono kumi na mmoja, kila mmoja umelazwa juu ya sponji kama mtoto wa kifalme.

"Dada, tulikuja kuchukua dungusi moja," alisema. "Tunaondoka na kumi na moja."

Mwalimu alipangusa uso. "Kumi na moja," alirudia, kama anayehakiki jibu.

Kukaa hakuweza. Alisafiri amesimama nyuma ya pikapu, ameshika chuma, amenyooka kama mgombea anayepungia wapiga kura. Polepole kwa mara ya kwanza alishukuriwa kwa mwendo wake. Wanafunzi wa zamani wa Mwalimu walisimama kando ya barabara wakimpungia, naye akawa hana budi kuwapungia.

Karakanani, kilichokuwa tayari ni kochi moja tu, la kitambaa cha mahameli ya kijani, la mteja aliyepangiwa kulichukua Jumatano. Mama Sponji alitandika shuka, akafunga mlango, akavaa miwani, akawasha taa ya kufanyia mishono midogo.

"Lala kifudifudi, dada."

"Hakuna njia nyingine?"

"Ipo. Umwite mdogo wako aje achomoe."

Mwalimu alilala kifudifudi.

Mama Sponji alichomoa mmoja mmoja kwa kibano, akiiweka kwenye kifuniko cha kopo. Uso wa Mwalimu ulikuwa umezama kwenye mahameli, na labda kwa vile hakuonekana, ulimi wake ulifunguka.

"Mwaka wangu wa kwanza wa kazi," alisema, "darasa zima lilinizomea. Nilitoka nikaenda nikalilia nyuma ya lile dungusi, kwa sababu hakuna ambaye angenifuata kwenye miiba. Kesho yake nikapita mapema, nikalifundisha somo lote kwanza. Nilipofika darasani nilikuwa sitetemeki. Tangu hapo, miaka thelathini na moja, kila asubuhi nilikuwa nalisalimu, nalipitisha kwenye somo. Sikukosa. Hata siku ya kustaafu nililiaga."

"Tulia, mwiba huu umezama," alisema Mama Sponji. "Halafu?"

"Halafu sasa naamka, naoga, navaa, sina wa kumwambia habari za asubuhi. Nikasikia tingatinga linakuja. Nikaona bora likae uani kwangu."

Kibano kilisimama. Mama Sponji alikuwa amemjua mwanamke huyu kwa miaka kumi na tisa, akamjua kama mtu anavyoujua ukuta: mrefu, mnyoofu, umesimama peke yake. Haikumpitia akilini hata siku moja kwamba nyumba ile nadhifu, yenye kikombe kimoja kwenye kichanja cha vyombo, ilikuwa na ukimya.

"Ningekuwa mimi dungusi," alisema mwishowe, "ningejua yote hayo. Mimi uliniambia tu kwamba chai yangu haina sukari ya kutosha."

"Haikuwa nayo."

"Na mapazia yangu mafupi."

"Yalikuwa mafupi." Mwalimu aliinua uso kidogo toka kwenye mahameli. "Kusahihisha ndiyo kazi niliyoijua, wifi yangu. Mtoto nisiyemjali sikumsahihisha."

Mama Sponji alijaribu kujizuia, akashindwa. Alicheka mpaka miwani ikamdondoka. "Kumbe miaka yote hii nilikuwa nasomeshwa!"

"Miiba mingapi mpaka sasa?" aliuliza Mwalimu, sauti imeanza kucheza.

"Kumi na saba. Nadhani imekwisha."

"Namba tasa. Haigawanyiki. Yote yangu peke yangu."

Hapo ndipo wote wawili walipovunjika mbavu, mmoja kifudifudi, mwingine kapiga magoti sakafuni na kibano hewani.

"Kuna nini huko?" mgonjwa wa mgongo aliita kutoka ndani.

"Hesabu!" walijibu kwa pamoja.

Mikono kumi na mmoja iliegemezwa kwenye ukuta wa kaskazini, nyuma ya fremu za viti. Kila asubuhi Mwalimu alikuja kukagua majeraha. Mwanzoni alikaa dakika tano. Juma la pili alikuwa akinywa chai, ambayo sasa aliitilia sukari mwenyewe. Juma la tatu alishika kitambaa upande wa pili wakati Mama Sponji akipiga pini, na ikajulikana kwamba hakuna aliyeweza kukadiria kitambaa kama yeye. Kochi la pembe tatu lililomtoa jasho fundi kwa miezi, alilikatia kitambaa kwa mara moja bila kupoteza hata kipande cha kufutia vumbi. Wateja waliouliza kuhusu miiba ukutani waliambiwa ni wagonjwa, wanasubiri kupona.

Mkono mmoja ulioza, ukatupwa. Kumi ilipandwa kwenye mchanga na kokoto, mstari wa chaki ukitazama jua. Mitatu ilikwenda uani kwa Mwalimu, mmoja mlangoni mwa karakana, mwingine aliuchukua Polepole, ingawa hakuwa na pa kuuweka ila kwenye ndoo. Iliyobaki ilitapakaa mtaani, kila mpokeaji akikalishwa kwanza kwa somo la nusu saa.

Mwezi wa pili tangu kupanda, Mwalimu aliingia karakanani mbio mbio, bila kupiga hodi.

"Njoo!"

Mama Sponji aliacha kochi likiwa uchi, akamfuata mpaka uani kwake. Mwalimu alivaa glavu, akaushika mkono wa katikati, akauvuta taratibu. Haukuja. Akauvuta tena. Udongo ulishika.

"Una mizizi," alinong'ona Mama Sponji.

"Una mizizi. Haya, jaribu na wewe. Vaa glavu kwanza, mwanamke, huoni ni miiba?"

Mama Sponji alitabasamu kwa kusahihishwa tena, akavaa glavu, akavuta. Udongo ulishika.