Ndevutatu wa Ukutani

Siku Brashi alipoanza kuchora ukuta wa zahanati, bomba la uani lilikuwa kavu, kama kawaida yake. Alilifungua, likakohoa, likatema mdudu, likanyamaza. Akachukua ndoo yake ya mpini wa kamba, akashuka hadi chini ya daraja, akachota maji ya mto na kupanda nayo huku amegeuza uso pembeni kwa ajili ya harufu. Rangi ya maji haina makuu. Hata ikikorogwa na maji yanayonuka ngozi mbichi na dawa za kiwandani, ikikauka inang'aa vilevile. Brashi alikoroga hivyo tangu aanze kazi. Kwa kinyozi alikoroga hivyo, na kwa bucha, na hata kwenye ukuta wa lango la kiwanda chenyewe, ambako miaka kadhaa nyuma aliandika jina la kampuni kwa herufi nyekundu na kupitisha chini yake wimbi refu la buluu, kwa sababu meneja alitaka kitu cha kupendeza macho.

Mchoro huu wa zahanati ulitoka kwenye suluhu ya kesi. Mama yake Brashi, ambaye mji mzima ulimwita Mdai kwa vile jina lake ndilo lililotangulia kwenye kesi, alikuwa amekishtaki kiwanda cha ngozi kwa kuuchafua mto na kummaliza ndevutatu, samaki mdogo wa kahawia mwenye ndevu tatu kidevuni, asiyeishi katika mto mwingine wowote. Ndevutatu ndiye aliyemlea Brashi. Mama alimtega kwa dema, akamkausha, akamuuza, mtoto akavaa viatu. Samaki walipoanza kuadimika, aliyatundika madema darini bila kuambiwa na mtu. Alipokwenda mahakamani majirani walimkumbusha kwamba mwenye nguvu mpishe. Aliwajibu kwamba amekwisha kupisha vya kutosha, akipisha tena atatumbukia mtoni.

Kesi ilikwenda, ikarudi, ikalala, ikaamshwa. Mwishowe mawakili wa pande zote mbili walijifungia katika chumba chenye kiyoyozi wakatoka na suluhu nje ya mahakama. Kiwanda hakikukiri kosa. Kilikubali kugharimia mchoro wa kuelimisha jamii kuhusu mto. Kilikubali pia kwamba kipindi cha uangalizi kikiisha na ndevutatu asionekane hai popote ndani ya bonde la mto, kitajenga mabwawa ya kusafishia majitaka yake.

Mdai alitaka mabwawa. Mjukuu wake, binti wa Brashi, alikuwa na vidonda nyuma ya magoti visivyopona, maana kila alipooga alioga mto uleule. Wakili alimtuliza.

"Mama, hapa hupotezi kwa vyovyote," alisema. "Samaki wakionekana, ujue mto umepona. Wasipoonekana, wanajenga."

Maneno yalikuwa matamu, na Mdai akaweka dole gumba.

Brashi aliuchora mto kama alivyoukumbuka utotoni, buluu tupu kuanzia dirisha la chumba cha sindano hadi kona ya choo. Akatia mawe, akatia majani ya majini, na mwisho kwa brashi nyembamba akachora ndevutatu kumi na mmoja. Akakaa kivulini kula. Alipomaliza kula, samaki walikuwa wamehamia upande wa choo, ambako ukuta ulikuwa na unyevunyevu. Alijilaumu kidogo kwa kuwachora kabla buluu haijakauka, akaosha brashi zake, akaenda nyumbani.

Watu walizoea upesi. Muuguzi alilalamika tu kwamba samaki wanapita juu ya tangazo la siku za kliniki na kina mama hawalisomi vizuri. Jua likiwa kali walijibanza nyuma ya fremu ya dirisha. Walikula ukungu wa ukutani, na ukuta wa zahanati ile, tuseme kweli, haukuwahi kukosa ukungu.

Mdai alikuja na kigoda chake siku ya pili. Alisogeza uso hadi pua ikakaribia kugusa rangi, akatazama mmoja baada ya mwingine. Mmoja alikuwa na mkia uliochanika. Huyo alimfahamu. Kwa misimu miwili alikuwa akimwona kwenye kivuli cha nguzo ya daraja kila alipokwenda kuchota maji, akawa hata anamsalimu. Brashi aliapa kwamba hakuchora mkia wowote uliochanika.

"Hukuwachora hawa, baba," mama yake alisema. "Umewachota."

Ilikuwa kweli. Tangu siku ya ndoo ile hakuna aliyemwona ndevutatu mtoni tena, si chini ya daraja, si kwenye vijito. Wote waliobaki duniani walikuwa kwenye ukuta wa zahanati. Mdai akawa anakuja kila alasiri, anakaa, anachambua mboga zake huku akiwaambia samaki habari za mjini, nani kaoa, nani kafukuzwa kazi. Alikuwa na furaha. Mwanawe hakuwa amemwona hivyo tangu kesi ilipofunguliwa, naye akaona sifa zote ni zake.

Kisha akaja mkaguzi wa mazingira. Alikuwa mtu mwenye adabu, mwenye viatu safi, aliyeamkia wakubwa. Alizamisha kipimo chake mtoni, akasoma, akatikisa kichwa, akakifuta kwa kitambaa. Halafu, kwa kuwa watu walimwelekeza, alikwenda zahanati, akasimama mbele ya ukuta, akahesabu kwa kidole. Alisema wako hai na wana afya njema.

Mdai akamwambia mto umekufa. Mkaguzi alisema hilo ameliona na linamsikitisha sana, lakini suluhu haikuzungumzia maji, ilizungumzia samaki, na samaki wapo, tena ndani ya bonde, tena wamenenepa. Angerudi baada ya mwezi kuhesabu mara ya mwisho. Wakiwapo, kiwanda kitakuwa kimetimiza wajibu wake na kesi haitafunguliwa tena na mtu yeyote. Akamuaga kwa heshima.

Mdai alimpigia simu wakili. Wakili alifunua kurasa za suluhu, moja moja, hadi ya mwisho. Kisha akasema kwamba wao walikuwa wamefikiria vijito, wakafikiria hata vinamasi. Ukuta hawakuufikiria.

Mwezi ule Mdai hakula vizuri. Alikaa na samaki, akarudi nyumbani, akampaka mjukuu mafuta nyuma ya magoti, akakaa tena na samaki. Mtoto alijikuna usingizini na akiwa macho. Siku mbili kabla ya mkaguzi kurudi, Mdai aliweka sahani yake chini, bado imejaa, akamgeukia mwanawe.

"Kawafute."

Brashi alidhani hakusikia vizuri.

"Mama, hawa ndio wa mwisho. Hakuna wengine popote."

"Nani kakwambia sijui? Mimi ndiye ninayewajua, wewe umewajua juzi." Akamtazama mjukuu wake, aliyekuwa akijisugua goti kwenye mguu wa meza. "Wakiwapo, mabwawa hayajengwi. Kawafute, kabla sijabadili mawazo."

Mdai hakuiacha chokaa ikorogwe na maji ya mto, maana aliogopa samaki wangeishi ndani ya chokaa pia. Alikwenda dukani akanunua maji ya chupa, chupa baada ya chupa. Mwenye duka akamuuliza kama ana harusi. Alijibu kwamba ana msiba, na mwenye duka akampunguzia bei.

Brashi alianzia upande wa choo. Samaki walirudi nyuma mbele ya brashi, taratibu, kama wagonjwa wanaosogezwa kwenye benchi ili wengine wapate nafasi. Buluu ilipungua. Walibanana chini ya dirisha la sindano, wakapandiana, ndevu kwa ndevu. Mdai alishika ndoo. Alikuwa amejiapiza hatalia, na alilia tangu mfuto wa kwanza, waziwazi, bila kujifuta. Aliyebaki mwisho alikuwa yule wa mkia uliochanika, kwenye kipande cha buluu kisichozidi kiganja. Mdai akaweka kiganja chake hapo.

"Nisamehe, baba yangu," alimwambia. Kisha akaondoa mkono, na Brashi akapitisha brashi.

Mkaguzi alipokuja alikuta ukuta mweupe, chokaa haijakomaa bado. Mdai alikuwa amevaa gauni lake la mahakamani. Mkaguzi alitazama nyuma ya fremu ya dirisha, akazunguka hadi chooni, akashuka mtoni na kurudi. Hakumuuliza mtu kilichotokea, na hakuna aliyejitolea kumweleza. Aliandika kwamba hakuna samaki. Akamwambia Mdai kwamba sasa anakwenda kiwandani kumjulisha meneja, mabwawa yaanze. Mdai akaomba aende naye, alisikie kwa masikio yake mwenyewe neno hilo likitamkwa. Mkaguzi akamfungulia mlango wa gari, na Brashi akapanda nyuma.

Samaki walikuwa langoni, kwenye lile wimbi la buluu alilochora Brashi miaka ile, chini ya jina la kampuni. Kumi na mmoja, wote. Ilikuwa ndiyo buluu pekee nyingine mjini iliyokorogwa kwa maji ya mto, na mtu aliyefukuzwa kwake haulizi mwenye nyumba ni nani. Wa mkia uliochanika alikuwa akizunguka herufi ya kwanza ya jina la kampuni, akila kutu ya misumari.

Moyo wa Mdai uliruka kwa furaha kabla haujakumbuka. Aliuchukia kwa hilo, na hakuusamehe.

Mkaguzi alihesabu kwa kidole. Alihesabu mara ya pili kwa kuwa alikuwa mtu makini, akafuta alichoandika zahanati, akaandika upya. Namna walivyofika pale haikutakiwa kwenye ripoti. Meneja alitoka, akawaona, akasema kampuni siku zote imekuwa rafiki wa mazingira. Alisema bila kucheka, na labda aliamini. Mdai alipewa kalamu aithibitishe ripoti. Alipoikataa, mkaguzi alimweleza kwa upole kwamba dole gumba aliloweka kwenye suluhu linatosha.

Njiani kurudi Brashi alinong'ona kwamba anaweza kwenda na chokaa. Hakupata nafasi. Siku iliyofuata ukuta wa lango ulizungushiwa wavu na kuwekewa mlinzi, kwa kuwa ndevutatu ni kiumbe kinacholindwa na sheria, na kumfuta sasa kungekuwa jinai. Brashi aliitwa kuandika tangazo linalokataza watu kuwasumbua samaki. Aliliandika. Ilikuwa kazi, na alikuwa na mtoto wa kulisha. Rangi alipewa, na maji ya kukorogea alipewa pia, ya kisima cha kiwanda, meupe kama machozi.

Kisima hicho kilichimbwa mbali na mto, na maji yake yalikuwa ya ofisini, ya chai ya wageni. Sasa yalikuwa pia ya samaki. Kila asubuhi mfanyakazi mmoja hutoka na mpira wa maji, akaunyunyizia ukuta usikauke, kwa sababu mtaalamu alishauri hivyo, na kiwanda hakitaki kusikia kwamba kiumbe adimu kimefia mikononi mwake. Ndevutatu wamenawiri. Mwaka huu wametaga, mayai yako ndani ya tumbo la herufi. Umbali wa hatua chache, bomba kubwa linaendelea kumwaga mtoni kile linachomwaga. Mto ni mweusi asubuhi, wa kahawia mchana. Wakili amepata kesi nyingine.

Mdai huja mapema, pamoja na mjukuu, na kusimama kwenye foleni ya watu wanaotafuta kibarua, ingawa hatafuti kibarua. Mlinzi anamfahamu. Mpira ukifungwa, maji hutiririka ukutani, hupita katikati ya samaki, na kudondoka chini ya wavu, na mlinzi humruhusu kutega dumu lake hapo, kwa kuwa hakuna aliyemkataza kwa maandishi. Huyaoshea magoti ya mtoto palepale, na yanayobaki huenda nayo nyumbani. Siku nyingine hupata nusu dumu. Mtoto huuliza yupi ni yule, na bibi humwonyesha mwenye mkia uliochanika, ambaye hushuka hadi mwisho wa wimbi na kukaa usawa wa uso wake.

Vidonda havijapona, maana maji ya dumu hayatoshi kuoga mwili mzima, na hayajazi dumu kabla gari la meneja halijafika. Likifika hupiga honi. Mdai huinua dumu, humshika mjukuu mkono, na wote wawili husogea pembeni, upande wa mto, kulipisha.