Shairi la Arobaini ya Mama

Siku ya arobaini ya mama, kaka yangu Vecdi alisimama katikati ya sebule yetu hapa mjini Amasya, majirani wakiwa na visahani vya halua mikononi, akasoma shairi. Huyu ndiye mshairi tuliyejivunia kabla serikali haijampeleka ng'ambo kuwa balozi. Mazishini hakuwapo. Eti alikuwa na mkutano.

"Kwa masikitiko makubwa tunapokea kuondoka kwako," akasoma, "tukithibitisha uhusiano wetu wa muda mrefu..."

Damu ilinichemka. Nikabwaga sinia la halua mezani.

"Vecdi! Huyo ni mama au serikali jirani?"

"Nigâr, watu wanasikiliza."

"Wasikilize! Zamani ukisoma, watu walilia. Sasa hata marehemu unaogopa kumkosea?"

"Mdogo wangu, miaka yote hii kila neno langu linapimwa kabla halijatoka. Nimeshazoea."

"Na maji aliyokuwa akikumwagia? Mbona hayamo?"

Kila Vecdi alipoondoka, mama alimwaga maji nyuma ya gari lake, ili aende salama na arudi. Safari ya mwisho mama hakuweza kuinuka kitandani. Alinipa glasi yake ya maji ya kumezea dawa, akanihimiza nikimbie nikayamwage kabla gari halijakata kona. Nilimsimulia Vecdi hayo kwenye simu. Akajibu, "Nimekuelewa." Nimekuelewa! Kama karani!

Bibi Fitnat, jirani yetu, akafuta midomo. "Mwanangu, usimsomee tena mama yako hicho kitu. Atadhani umekosea nyumba."

Niliapa kwamba akiondoka simwagi hata tone.

Asubuhi teksi ikaja. Vecdi akapakia begi, akafungua mlango wa gari, lakini hakuingia. Alisimama na suti yake, akiutazama mlango wetu. Nilimhurumia, na huruma hiyo ikanizidishia hasira. Nikajaza ndoo maji, nikatoka nayo mbio, nikammwagia yote. Suti ikalowa, viatu vikajaa maji.

"Mwendawazimu wee!" akafoka, kwa sauti ya mtaani kwetu ambayo sikuwa nimeisikia miaka mingi. "Ngoja nikusemee kwa mama! Mama! Ma..."

Akautazama tena mlango.

"Mama yuko wapi, Nigâr? Mama yangu yuko wapi?"

Akaketi palepale kwenye maji, akalia kwa sauti. Dereva akazima gari.

"Hilo ndilo shairi, mjinga wewe," nikamwambia, nikaketi kando yake.