Mishipa ya Mama Basil

Jumanne, saa saba kasorobo mchana, Evangelina alikuwa akipakua maharage kwa upawa wakati mshipa wa mguu wake wa kushoto ulipotoka kwenye ngozi, ukateremka sakafuni, ukaenda kukaa kwenye benchi la wateja.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu Manyara ikatwe kutoka Arusha na kuwa mkoa, na Babati ilikuwa imejaa watu wa mafaili walioacha wake zao mbali. Wote walikula kwa Mama Najma, mjane mwenye duka la vitenge, aliyegeuza ua wake kuwa hoteli. Mama Najma alimiliki ua, masufuria na maneno. Evangelina, ambaye wateja walimwita Mama Basil kwa jina la mwanawe wa kwanza, alimiliki moto, na alisimama mbele yake tangu alfajiri. Mishipa ya miguu yake ilikuwa imevimba ikajisokota kama kamba ya ndoo ya kisimani. Nesi Dorothea alikuwa amemwambia bila kuzunguka: asipokula mboga za majani, matunda, maharage na dona, na chumvi isipopungua, mguu wa kushoto utafanya kidonda, na mwenye kidonda hasimami jikoni.

Evangelina alicheka kwa uchungu. Vyote hivyo alivipika kila siku. Lakini mpishi wa hoteli hula wateja wakishamaliza, na wakishamaliza hubaki ukoko na mchuzi wa chini uliokolea chumvi.

Hakuna aliyekuwa mchoyo, tuseme haki. Watu wa Babati ukiwakuta wanakula watakukaribisha hata kama sahani ina tonge moja. Ila hukaribishwa anayefika. Mpishi hafiki; yupo tu.

Mshipa ulikuwa umefika. Aniceti, mpima ardhi, alisogea kidogo kuupisha.

"Karibu chakula," aliuambia.

Mshipa ukavuta sahani yake ya mchicha, ukaimaliza, ukageukia kipande cha chungwa. Nyama ya mafuta uliisukuma kando. Mingine minne ikateremka kuufuata. Mama Najma alikuja na jagi la maji kuwanawisha wageni, akatafuta mikono, hakuiona, akacheka.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema. "Mama Basil, ongeza sahani ya mbaazi. Na dona, siyo sembe. Hawa wanachagua."

Evangelina akaongeza. Miguu yake bila mishipa ilikuwa ya baridi kidogo, lakini ilimshikilia. Wateja walipoondoka, mishipa ilipanda, kila mmoja ukarudi mahali pake, naye akachukua kijiko akakwangua sufuria.

Ikawa hivyo kila siku isipokuwa Jumapili, alipokuwa kanisani. Wiki ya tatu uvimbe ulianza kushuka. Wiki ya sita nesi Dorothea alibonyeza muundi wake kwa kidole, akatabasamu.

"Umenisikiliza, mdogo wangu. Unakula vizuri."

"Siyo mimi, dada. Ni yenyewe."

"Mradi mmoja wenu anakula," alisema nesi, akaandika kwenye kadi: anakula vizuri.

Evangelina alitoka pale akitaka kuimba. Tangu Krismasi alikuwa akiota mguu wake umeoza na mwanamke mwingine ameushika upawa wake. Sasa hofu ile ilikuwa imemtoka yote, akapumua mpaka mwisho wa kifua. Mama Najma alifurahi pia, tena kwa dhati. Alimkumbatia mbele ya wateja, na kwa kuwa miguu ilikuwa imepona, wakaanza kupika na chakula cha jioni.

Jioni ya kwanza Evangelina alitembea kutoka mjini mpaka kwake Singe bila kukaa njiani hata mara moja. Alimkuta mumewe, Marseli, akimalizia ugali na mnafu.

"Pole na kazi, Mama Basil. Umekula?"

Evangelina alivua kandambili, akaitazama miguu yake. Ilikuwa miepesi, laini, haina hata fundo moja. Alifurahi mpaka machozi yakamlengalenga.

"Miguu imekula," alisema.

"Basi vizuri," alisema Marseli, akafuta sahani kwa tonge la mwisho.